Mwanangu, kile kinanda wasikipasue kuni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, mama. Ujumbe wako wa sauti ulinikuta gereji, ndiyo kwanza nakabidhi basi, nikausikiliza mara mbili kabla sijavua koti la kazi. Umefurahi kwamba kwaya imepata kinanda kipya cha umeme, na mimi nimefurahi pamoja nawe. Ila uliposema kile cha zamani cha kukanyaga kimetupwa bandani, na wazee wanataka kukipasua kiwe kuni, moyo ulinilipuka. Nilitaka nikupigie pale pale. Nikaona bora niandike, maana Jumapili nimesikia kitu ambacho kwa simu ningekueleza nusu nusu.

Unalikumbuka lile jumba nililowahi kukutumia picha yake, linaloitwa Troxy? Liko Commercial Road, mashariki ya London, barabara ninayopita na basi karibu kila siku. Lilifunguliwa mwaka 1933 likiwa sinema ya viti zaidi ya 3,500. Sinema ikafungwa mwaka 1960, wakaja wanafunzi wa opera, ikaja bingo, na siku hizi ni ukumbi wa muziki na sherehe. Miaka yote hiyo nimeliona kwa nje tu. Safari hii mzee mmoja niliyefanya naye kazi kabla hajastaafu alinipa tiketi, akaniambia njoo usikie kinanda cha mabomba.

Nikajua nakwenda kusikia kinanda cha kanisa. Sicho kabisa, mama. Mpigaji anakaa katikati ya meza iliyopinda kama kwato ya farasi, mbele yake safu nne za vibonye zimepandana kama ngazi, na juu yake vibao vidogo vya rangi vimemzunguka kama meno. Miguu nayo ina vibonye vyake chini. Mabomba yenyewe huyaoni. Yamefichwa vyumbani, na kila chumba kina mbao zinazofunguka na kufunga kama madirisha ya luva. Akitaka sauti ije mbali anazifunga, akitaka ikujie usoni anazifungua.

Kabla hajagusa kibonye nilisikia kitu kidogo ambacho nadhani wengine hawakukisikia: hewa. Mashine ya upepo ilikuwa imewashwa, na ukumbi ulikuwa kama unavuta pumzi. Hapo hapo nikamkumbuka babu yako akipiga kile kinanda chenu cha kukanyaga. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa benchi la mbele, na kabla ya wimbo kuanza nilisikia vikanyagio vyake vikilia kwii, kwaa, kwii, kwaa, halafu ndiyo sauti inatoka. Kwangu mimi wimbo ulianzia hapo kwenye mlio wa vikanyagio.

Kisha akapiga. Siwezi kukudanganya kwamba naujua muziki ule, lakini sauti nitakueleza. Kuna mabomba mapana ya mbao yenye sauti nene, laini kama uji wa ulezi, na kuna kifaa kinachoutikisa upepo wenyewe, kwa hiyo noti inalialia kama mtu mwenye donge kooni. Yakafuata matarumbeta, kengele, ngoma. Na noti za chini! Bomba la futi 16 noti yake ya mwisho ni mitetemo kama 32 tu kwa sekunde. Nilikuwa na maji kwenye glasi ya plastiki. Nikayaona maji yanajichora duara ndani ya duara, na mfupa wa kifua changu ukajibu.

Vinanda hivi vilitengenezwa kwa ajili ya filamu zisizo na sauti. Mtu mmoja gizani alitakiwa awe bendi nzima, awe na treni inayopiga honi, ndege wanaolia, kwato za farasi. Vyote vimo humo, ni vyombo vya kweli vinavyogongwa na kupulizwa, hakuna kilichorekodiwa. Aliyeifikiria namna hii alikuwa Mwingereza, Robert Hope-Jones, fundi umeme wa kampuni ya simu. Aliona kwamba kama waya unaweza kuunganisha nyumba yoyote na nyumba yoyote, basi unaweza pia kuunganisha kibonye chochote na bomba lolote. Akahamia Marekani mwaka 1903, na miaka saba baadaye akaingia kwa Wurlitzer, kiwanda cha North Tonawanda katika jimbo la New York. Alifariki mwaka 1914, kabla biashara ile haijapamba moto.

Hiki nilichokisikia hakikuzaliwa Troxy. Kilikuja kwa meli na kufungwa kwenye sinema ya Trocadero, Elephant and Castle, kusini ya mto Thames, mwaka 1930. Ndicho kikubwa kuliko vyote ambavyo kiwanda kile kilivileta Ulaya. Mwaka 1963 sinema ikabomolewa. Hebu fikiria, mama: mabomba zaidi ya elfu moja, na tingatinga liko nje. Chama cha wapenzi wa vinanda vya sinema wakakiokoa, kikafungwa kwenye ukumbi wa chuo, baada ya miaka mingi kikafunguliwa tena na kuwekwa ghalani, ndipo kikafika Troxy. Mara tatu kimejengwa.

Wakati wa mapumziko yule mzee alinipeleka kwa rafiki yake, mzee mwenye mikono ya fundi, anayetengeneza vinanda vya namna hii. Nilimuuliza kazi kubwa ni ipi, nikitarajia aseme mabomba. Akasema ngozi. Chini ya kila bomba kuna kifuko kidogo cha ngozi kinachojaa na kunywea ili kufungua njia ya upepo. Kimoja kikitoboka, noti inakuwa bubu, au mbaya zaidi, inalia bila kunyamaza. Akatoa mfukoni kipande cha ngozi ya zamani, akakiweka kiganjani mwangu. Nilipokibana kwa vidole kikawa unga wa kahawia, kama ugoro. Vifuko vyote hivyo hubanduliwa kimoja kimoja, mbao husafishwa, ngozi mpya hukatwa na kugundishwa. Watu wengi wanaifanya kazi hiyo bila malipo, jioni na mwisho wa juma. Mabomba, akasema, mara nyingi ni mazima. Kinachokufa ni ngozi.

Sasa unaelewa kwa nini nimekesha. Kile cha babu yako hakina bomba hata moja, sauti yake inatoka kwenye ndimi za shaba. Shaba haifi kwa kuvujiwa na bati. Kilichooza, naamini, ni kitambaa cha mvukuto na vipande vya ngozi, na panya wamesaidia.

Kwa hiyo nakuomba ufanye haya wiki hii, usingoje. Kiinueni juu ya matofali kisiguse udongo. Kifunikeni kwa shuka au magunia, msikifunge kwa nailoni kisije kikatoa jasho. Ndimi za shaba asizichomoe mtu, hata akija kijana wa vyuma chakavu na bei nzuri. Fungua mgongo wake, upige picha mvukuto pande zote, halafu upime urefu na upana kwa rula, uniandikie kwa sentimita. Kitambaa na gundi nitanunua huku. Ngozi laini ya mbuzi mtafute yule fundi viatu wa sokoni, yeye anajua kuipunguza unene. Nina likizo Desemba, tutakifungua pamoja, wewe na mimi.

Na mzee wa kanisa umpe shikamoo yangu. Mwambie kama shida ni kuni za jikoni, aniambie bei ya mzigo mzima, nitatuma leo.

Baba yako