Barua ya wazi kwa Katibu Mkuu, Wizara ya Afya: mashine tumepata, picha hazisafiri

Kwako Katibu Mkuu,
Wizara ya Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: MASHARTI YA MTANDAO KATIKA ZABUNI ZA MASHINE ZA MIONZI

Ndugu Katibu Mkuu,

Pole na majukumu. Nakuandikia wewe badala ya Mheshimiwa Waziri kwa sababu jambo lenyewe ni la ununuzi, na afisa masuuli ni wewe. Mimi ni mteknolojia mionzi katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Hospitali siitaji, maana ninayoyaeleza hayako kwetu peke yetu na sitaki mganga mfawidhi aitwe kujieleza kwa ajili yangu.

Sifa kwanza, maana zinastahili. Kabla ya zile fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, ambazo sehemu yake ilitununulia mashine, mgonjwa wa mkoani aliyehitaji CT-Scan, kipimo cha mionzi kinachopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande, kwa kawaida alianza kutafutiwa usafiri wa kwenda hospitali ya kanda au Muhimbili. Leo anavuka korido tu. Anayebeza hatua hiyo hajawahi kumsindikiza mgonjwa.

Tatizo linaanza pale kipimo kinapokwisha. Analetwa majeruhi wa bodaboda usiku, tunampiga CT ya kichwa, daktari wa zamu anaona damu. Upasuaji wa ubongo kwetu haufanyiki, kwa hiyo rufaa inaandikwa. Picha zinachomwa kwenye CD, kama CD ipo. Isipokuwepo zinachapwa kwenye filamu, vipande vichache vilivyochaguliwa kwa haraka. Filamu nayo ikiwa imekwisha, daktari anapiga skrini kwa simu yake na kurusha WhatsApp. Mgonjwa anafika anakokwenda, CD inagoma kufunguka, au kompyuta ya huko haina hata mahali pa kuiingizia, na anarudishwa kwenye mashine upya. Kipimo kilekile kinalipiwa mara mbili, na yeye au na bima yake. Mionzi pia anaipata mara mbili: CT moja ya kichwa ni kama milisiveti 2, na wastani wa mionzi ya asili anayoipata binadamu kwa mwaka mzima ni milisiveti 2.4.

Hapo kwenye WhatsApp naomba nikae kidogo, kwa sababu nimewasikia wakubwa wakisema kwamba simu zimetatua jambo hili. Picha ya CT si picha kwa maana ya picha ya harusi. Kila nukta yake ni kipimo. Kwa namba za Hounsfield, yaani mizani inayoonyesha jinsi kitu kinavyozuia mionzi, hewa ni -1000, maji ni 0, mfupa mgumu unapita 1000. Ubongo wenyewe uko kwenye 30 hadi 40, na damu iliyomwagika karibuni iko kwenye 50 hadi 70. Tofauti ni ndogo mno kwenye mizani hiyo, na jicho haliwezi kuona mizani yote kwa mara moja, ndiyo maana daktari bingwa wa radiolojia anakaa mbele ya kompyuta akifungua dirisha moja la kutazama ubongo, lingine la kutazama mfupa, anapanda na kushuka katika mamia ya vipande, anapima upana wa bonge la damu kwa milimita. Ukipiga skrini kwa simu unabaki na kipande kimoja, dirisha moja, bila vipimo vyovyote, na mng'ao wa taa ya dari juu yake. Ni sawa na kumtumia mtu picha ya sahani ya pilau ukamwuliza kama chumvi imekolea. Na pembeni mwa skrini hiyo kuna jina la mgonjwa, umri wake na namba ya faili, vyote vikielea kwenye kundi la WhatsApp la watu ambao wengine walishahama kituo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika fungu la taarifa nyeti. Sijui kundi hilo tutalitetea vipi.

Kusafirisha picha zenyewe si muujiza. Kipande kimoja cha CT kina nukta 512 kwa 512, karibu nusu megabaiti. Kipimo chenye vipande 500 ni kama megabaiti 250. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, mzigo huo unafika kwa dakika 3 na ushee; kwa intaneti ya kusuasua ya megabiti 2, dakika kama 17. Gari la wagonjwa kutoka Sumbawanga kwenda Mbeya linatumia saa kadhaa. Daktari wa upasuaji angeweza kuziona picha, akaandaa chumba au akatuambia tusimsafirishe kabisa, kabla gari halijamaliza kujaza mafuta. Uhifadhi nao usitutishe: hospitali inayofanya CT 10 za ukubwa huo kila siku haifikishi terabaiti moja kwa mwaka, na diski ya kiasi hicho inauzwa Kariakoo. Nakala rudufu ni lazima ziwepo, na umeme wa akiba pia, lakini hayo tunayafahamu.

Kinachotukwamisha ni karatasi za zabuni. Lugha ya pamoja ya picha za tiba, DICOM, ipo. Chama cha wataalamu wa radiolojia cha Marekani na umoja wa watengenezaji wa huko waliunda kamati mwaka 1983 kwa sababu kila kiwanda kilikuwa na mtindo wake wa faili, wakatoa toleo la kwanza mwaka 1985, na mwaka 1993 toleo la tatu likaja na jina hilo. Kila muuzaji leo ataweka alama ya vema mahali palipoandikwa DICOM. Lakini ndani ya DICOM kuna huduma nyingi, na wauzaji huweza kuziuza kwa leseni mojamoja: ya kuchapa filamu, ya kutuma picha kwenye seva, ya kupokea orodha ya wagonjwa kutoka mfumo wa hospitali. Nimeiona mashine mpya kabisa yenye leseni ya kuchapa na isiyo na ya kutuma. Zabuni ilisema "iwe ya DICOM" na mzabuni alitimiza neno kwa neno. Kuiongeza leseni baadaye ni bei ya kuomba msamaha.

Hiyo ya orodha ya wagonjwa inaonekana ndogo, ila mimi ndiyo inayoniumiza kila zamu. Bila hiyo ninaandika majina kwa mkono kwenye mashine, saa nane usiku. Mwajuma anakuwa Mwanajuma, Juma Ali anakuwa Ali Juma, na akirudi baada ya miezi sita hana picha ya zamani ya kulinganisha. Mashine ingeyachukua majina moja kwa moja kutoka mfumo wa usajili, GoTHOMIS au mwingine wowote, makosa hayo yangekwisha.

Upande wa programu usikubali kutajiwa mabilioni kabla ya kuuliza. Orthanc, seva ya DICOM ya bure iliyozaliwa mwaka 2012 katika hospitali ya chuo kikuu cha Liège, Ubelgiji, inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida. Bure haina maana haina gharama: anahitajika afisa TEHAMA aliyefunzwa, na seva isiachwe uchi kwenye intaneti. Mwaka 2019 kampuni ya Kijerumani ya Greenbone ilikuta seva 590 za picha zikiwa wazi katika nchi 52, na rekodi zaidi ya milioni 24 za wagonjwa ndani yake, nchi tajiri zikiwemo.

Ombi langu, basi. Kabla zabuni nyingine ya mashine za mionzi haijapandishwa kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa Serikali wa mtandaoni, Wizara itoe vigezo vya kiufundi vinavyotaja kila huduma ya DICOM kwa jina lake, leseni zake zikiwa ndani ya bei ileile. Mashine isipokelewe mpaka imetuma picha kwenye seva ya hospitali nyingine mbele ya kamati. Nywila ya msimamizi wa mfumo ibaki hospitali, na mkataba ukiisha picha zote zitoke bila malipo katika muundo wa faili ambao mtu mwingine anaweza kuusoma.

Na kwenye kamati inayoandaa vigezo hivyo awepo mteknolojia mionzi mmoja na afisa TEHAMA mmoja kutoka mikoani. Hadi sasa sisi tunaitwa siku ya kufungua makasha.

Wako mtiifu,
Mteknolojia mionzi, hospitali ya rufaa ya mkoa