Paa si p'aa

Mhariri,

Miaka yote hii nimelisoma gazeti lako bila kushika kalamu, lakini ile ripoti yenu ya wanafunzi kufunzwa matamshi kwa vishikwambi imenishinda kuinyamazia. Ungedhani kabla ya vishikwambi watoto walikuwa mabubu.

Juzi mjukuu wangu, mzaliwa wa Kibokoni, Mji wa Kale, alipewa zoezi la vitawe, maneno yenye maana zaidi ya moja. La kwanza, kama kawaida ya vitabu vyote, "paa". Akaandika kwamba paa la nyumba na p'aa wa mwituni hayatamkwi sawa, la pili lina mpumuo, pumzi inayotoka pamoja na sauti. Akakatwa kwa wino mwekundu. Nikaenda shuleni, nikashika kipande cha karatasi mbele ya midomo yangu: paa, karatasi kimya, p'aa, karatasi ikaruka. Mwalimu akacheka kwa adabu. "Kweli, mzee, lakini mwongozo wa kusahihisha unasema yanatamkwa sawa."

Mwongozo! Una sikio huo? Sisi dh na gh tulizipata chuoni, yaani madrasa, ulimi ukiangaliwa uko wapi, na ukikosea unarudia hadi wenzako wamekwenda zao. Tangu mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza 1985 na Kiswahili kikawa cha lazima katika mtihani, matamshi yamehamia kwenye karatasi. Mtoto anaandika kuwa gh ni kikwamizo ghuna cha kaakaa laini, anapata alama zake, anatoka nje anasema "magaribi". Hakuna aliyemsikia. Mtaala mpya umeleta kusikiliza na kuzungumza, sawa, lakini darasa la watoto sitini atasikilizwa nani? Na tatizo ni la zamani. Wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki walikuja kukutana papa hapa Mombasa mwaka 1928, wakachagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tahajia sanifu iliyofuata ikaacha kuandika mpumuo. Kisichoandikwa hakifunzwi.

Na watangazaji wenu wa televisheni nao! Leo "mazara ya mafuriko", kesho, pengine baada ya kukosolewa, "dhawadi kwa washindi".

Pendekezo langu: kila mwandishi wa vitabu vya Kiswahili aletwe Mombasa wiki mbili, apewe kikapu, atumwe sokoni kununua k'aa wa kupika. Akirudi na kaa la moto, atumwe tena.

Mwalimu mstaafu,
Mombasa