Sanduku la risasi haliokoi satelaiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na vijana wa vyuo vya ufundi vya Mbeya na Iringa wanaopenda satelaiti ndogo. Ukiwauliza wataikingaje kompyuta yake na mionzi, wengi hujibu: madini ya risasi, kama kwenye chumba cha eksirei. Hesabu inakataa. Boksi la sentimita 10 kila upande, likivikwa risasi ya milimita 3 pande zote sita, linakula kilo 2, na hizo ndizo kilo zote zinazoruhusiwa kwa satelaiti ya ukubwa huo. Alumini ya unene huohuo haifiki nusu kilo. Tena elektroni za mikanda ya Van Allen, yaani maeneo ya mionzi yanayoizunguka dunia, zikigonga risasi huzalisha eksirei nyingine, ndiyo maana alumini hukaa nje na metali nzito, ikilazimu, hukaa ndani.

Kuta hizo hupunguza mionzi inayoichosha chipu polepole. Chembe moja nzito kutoka anga za mbali huzipenya, na hiyo ndiyo ya kuogopa. Ikipita kwenye kumbukumbu hugeuza biti, sifuri ikawa moja. Ikipita pabaya zaidi, hufungua ndani ya chipu njia ya umeme isiyojifunga: mkondo unapanda, chipu inaungua. Dawa yake ni kukata umeme upesi.

Tuseme bodi inakula miliampia 120 kwa volti 3.3. Weka swichi inayokata mkondo ukifika 200, ndani ya milisekunde chache, izime kwa sekunde moja, kisha iwashe. Wengi husahau nyaya za data: umeme hupenyea humo, chipu ikabaki imeshikwa hata swichi ikishakata. Zikatwe nazo. Swichi moja kwa bodi nzima pia haitoshi, kwa sababu chipu ndogo inaweza kuungua kwa miliampia 50 tu za ziada na swichi isishtuke. Kila kundi la chipu liwe na yake. Mkiwasha, kapasita, yaani vihifadhi chaji vya bodi, hunyonya mkondo mkubwa kwa muda mfupi, kwa hiyo swichi icheleweshwe kidogo, la sivyo itajikata yenyewe kila mara. Kuijaribu ni rahisi: bodi ikiwa inafanya kazi, unganisha rezista ya ohm 22, ya wati 1, kati ya waya wa volti 3.3 na ardhi ya bodi, yaani waya wa volti sifuri. Inaongeza miliampia 150. Swichi isipokata hapo, msiipeleke popote.

Kwenye kumbukumbu, kila biti 32 ziongezewe 7 za ukaguzi. Kosa moja litasahihishwa. Mawili yataonekana tu. Basi programu iipitie kumbukumbu yote mara kwa mara na kuiandika upya kabla kosa la pili halijaingia palepale. Programu ya kuwashia iwe na nakala tatu, zinazolinganishwa kila kompyuta inapoamka. Satelaiti ikipita juu ya Brazili na Atlantiki ya Kusini, ambako mkanda wa ndani wa Van Allen hushuka karibu na dunia, makosa huongezeka; kazi ya kubadilisha programu isubiri ivuke.

Walimu mnaosimamia miradi, tafadhali ombeni mchoro wa swichi hiyo kabla ya mchoro wa boksi.

Mwalimu wa elektroniki,
Mbeya