Mke wangu ameniita nuksi, na timu nayo imeshindwa mara 121

Shangazi shikamoo. Sijalala tangu jana, adhana ya alfajiri ishalia na simu iko asilimia tisa kwa hivyo ukiona narukaruka nisamehe.

Shangazi we watujua watu wa Malindi, mtu hatoi neno bure. Sasa mke wangu kusema mbele ya kakake, kahawa iko mezani, kashata ndo kwanza zaletwa, "nuksi si ya hao wazungu wako, nuksi ni wewe", alikusudia nini? Miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kuitwa nuksi. Sinywi, sili miraa, kamari sijui hata yachezwa vipi. Kosa langu ni besiboli.

Najua utacheka. Kila mtu hapa ana Arsenal yake ama Man U na hakuna anayeulizwa. Mimi zamani nikiwa baharia wa boti za kuvulia nduwaro nilimpata mgeni mmoja mzee wa Chicago, siku nzima hatukupata hata kibua, basi akakaa ananihadithia timu yake, White Sox, vile walivyobeba kombe la besiboli la Marekani 2005 kwa kuwapiga Houston mechi nne bila, na kabla ya hapo mara ya mwisho ilikuwa 1917. Babake alikufa akingoja. Alipofika hapo machozi yalimtoka mle mle botini, mimi nikajifanya natazama ndoana. Akaniachia kofia yake nyeusi. Si hizi za NY zilojaa mitumbani ambazo mtu avaa hajui hata ni za timu gani, hii ni ya kupewa mkononi.

Mwaka jana, 2023, walipoteza mechi 101 nikasema yatapita. Mwaka huu wa 2024 Shangazi, mechi 25 za kwanza wameshinda tatu. Tatu! Halafu kuanzia Julai wakapoteza 21 mfululizo, na hawa hawachezi Jumamosi kwa Jumamosi kama mpira wetu, ni karibu kila siku, mechi 162 kwa msimu, kwa hivyo we piga hesabu ni alfajiri ngapi hizo. Maana kule ikiwa jioni huku ni saa tisa usiku. Naamka polepole, naweka simu chini ya shuka sauti nimefunga, simsumbui mtu. Yeye asema mwanga wa simu wamuamsha. Mwanga gani jamani, wa simu?

Na jana ndo wamevunja rekodi. Walikuwa Detroit, mechi ilianza saa saba na kitu usiku, wakafungwa 4-1, ikawa 121. Tangu 1900 hakuna timu ya ligi kubwa ilopoteza nyingi hivyo kwa msimu mmoja, waliokuwa wakichekwa ni Mets, timu ya New York, wa 1962 na wao waliishia 120. Na ushindi huo huo ndo umewaingiza Detroit kwenye mtoano, wamengoja tangu 2014, basi nikakaa gizani peke yangu natazama watu wazima wanamwagiana pombe. Kilichoniuma zaidi ni kwamba wiki hii hii White Sox walikuwa wameshinda tatu mfululizo nyumbani, nikajua tutaponea. Mashabiki wenyewe wa Chicago wanampigia kelele mwenye timu auze. Mimi siwezi hata kupiga kelele, nyumba ni ya kupanga.

Lakini kuitwa nuksi! Mbele ya shemeji.

Sasa kuna kitu kingine, si kikubwa sana. Ile mechi walokata mkosi wa 21 ilikuwa Oakland, Agosti 7 kwa saa zetu, ilianza karibu saa kumi na moja alfajiri na mimi nilikuwa na wageni wa saa kumi na mbili. Nikasema naangalia kidogo tu. Wakaanza kuongoza. We ungeondoka? Wiki nne sijaona ushindi! Wakashinda 5-1, nikalia kama mtoto, nikafika ufuoni saa moja na nusu nikakuta wageni washakwenda na nahodha mwingine, na mwenye boti hakunigombeza, alinyoosha mkono tu nimpe ufunguo. Wiki hiyo hiyo na kochi wao akafukuzwa. Nyumbani nilisema injini imekufa tunangoja spea kutoka Mombasa. Kila siku natoka asubuhi naenda kukaa, narudi jioni. Mara mbili tatu nimenunua samaki sokoni nikaja nao kama nimepewa.

Huyu shemeji anashinda ufuoni, anajua kila boti ilotoka na isotoka. Ndo naumiza kichwa, ile nuksi alisema kwa hasira za kuamshwa, ama kaambiwa? Maana alivyolitamka alimtazama kakake kwanza. Na kofia yangu nimeikuta bandani, kuku kaitagia, na kuku hajui kuvua kofia msumarini.

Juzi amechukua watoto kaenda kwao Lamu, eti mamake ana homa. Simu apokea, ajibu "ndiyo", "la", "haya". Mimi nataka aniombe radhi kwanza kwa lile neno, hilo sirudi nyuma. Lakini pia nyumba imekuwa kimya sijazoea, na sukari sijui aweka wapi.

Besiboli nimeacha, nakuapia, nimefuta hata apu. Nitairudisha leo tu kwa sababu zimebaki mechi mbili, leo na kesho, na hizi ni za mapema, saa mbili na saa nne usiku, hazimuamshi mtu na nyumbani hakuna mtu. Kwa hivyo nilifikiri nipande basi la Mokowe, pale pa kuvukia Lamu, Jumatatu. Ama niende leo? Na nikifika nianze na injini, ama ningoje aniulize mwenyewe? Nijibu hata kwa ufupi Shangazi. Kofia sijaitoa, kuku bado ameatamia.

Baharia, Malindi