Skanini Bigo na Ntusi, lakini ramani ifike ofisi ya ardhi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu Bigo bya Mugenyi, yale mahandaki ya kale hapa Uganda, manake kila siku ni utalii utalii, ati barabara, ati hoteli, alafu ukiuliza handaki la nje linaanzia wapi na linaishia kwenye shamba la nani, hakuna anayekujibu sawasawa. Mimi ni sorveya, kazi yangu ni mawe ya mipaka na hati, mambo ya makumbusho sikusomea, ila upande wa Sembabule, wilaya iliko Bigo, napita sana na hili jambo linanikera.

Kwa asiyepajua, Bigo iko kusini mwa mto Katonga, ni mahandaki yaliyochimbwa kwa mikono, ukiyaunganisha yote yanazidi kilomita 10 na kuna mahali yanashuka mita kama 4, hadi mwamba umekatwa. Wazee wanasema ni kazi ya Bachwezi, wale watawala wa kale wa kwenye masimulizi. Mwanaakiolojia Shinnie alichimba pale 1957, mwenzake Posnansky akaja 1960, na umri wake unawekwa kwenye karne ya 14 hadi ya 16 hivi. Yote hayo ni sawa, lakini wewe ukisimama mle ndani unaona nyasi na miba tu, tembea kidogo na handaki limekupotea.

Hapo ndo droni ya leza inaingia. Sisemi zile za kupiga video kwenye kwanjula, sherehe za posa, zile ni kamera, zinapiga majani ya juu basi. Hii nyingine inarusha miali ya leza maelfu kwa maelfu kila sekunde, inapima kila mwali umechukua muda gani kwenda na kurudi, na kwa kuwa mwendo wa mwanga unajulikana unapata umbali. Mwali mmoja unaweza kugonga jani kwanza, kinachobaki kikapenya kwenye uwazi hadi chini, ukarudi mara mbili au tatu. Kompyuta inakusanya zile nukta, inatoa za miti na vichaka inabakisha za ardhi, unaona ardhi ikiwa uchi. Droni yenyewe inajua iko wapi kwa GPS, na kuna GPS nyingine imekaa chini kwenye stendi inairekebisha, sisi masorveya hiyo tunaitumia kila siku kwa hiyo hakuna uchawi hapo.

Na kazi yake imeonekana. Uzbekistan kule milimani, mita kama 2,000 juu, droni ya leza imechora mji wa zamani wa Tugunbulak, hekta 120 hivi, ramani ikachapishwa 2024, mji ambao kwa macho ni malisho ya kondoo tu. Na Waafrika wasidhani ni mambo ya mbali, hapo Afrika Kusini karibu na Johannesburg leza ya kutoka hewani ilitoa mji wa Kweneng wa Watswana, maboma ya familia mia nane hivi.

Sasa, kabla watu hawajaanza kusema tununue kesho, mimi nina wasiwasi mbili. Ya kwanza ni nyasi. Miti haisumbui sana, ina uwazi, lakini nyasi zilizosongana zinakula ule mwali kabla haujafika chini, na kompyuta inadhani vile vichwa vya nyasi ndo ardhi, basi handaki dogo linafukiwa kwenye ramani. Mtu akija kurusha mwezi wa tano mvua zimepiga amepoteza pesa. Aje mwezi wa saba, tena apite kwanza pale ng'ombe walipolisha. Mafunjo ya Katonga yenyewe sahau.

Ya pili ni vichuguu! Nchi yote ile ina vichuguu vikubwa vya mchwa, na pale Ntusi, jirani na Bigo, kuna vilima vilivyojengwa na watu wa kale, takataka zao za miaka na miaka, mifupa ya ng'ombe na vigae vya vyungu. Kwenye skrini vyote ni nundu. Lazima mtu ashuke kwa mguu, na anayeweza kukwambia hiki ni kichuguu na hiki sicho bila kubahatisha ni mchunga ng'ombe wa pale, huyo alipwe kama mtaalamu mwingine yeyote, sio kupewa soda. Na umri leza haisemi, huo bado unataka jembe.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki. Nimeshapima mashamba ambapo ramani niliyopewa ofisini ni nyeupe kabisa, hakuna alama hata moja ya kitu cha kale, unaweka jiwe la mpaka juu ya tuta la miaka mia tano na sheria haikugusi kwa sababu hakuna aliyelichora, kesho mwenye shamba analeta tingatinga achimbe bwawa la ng'ombe. Utamlaumu vipi? Wageni wakirusha droni wakaondoka na zile nukta, sisi tukabakiwa na picha nzuri ya kuning'iniza ukutani, tutakuwa hatujafanya kitu. Yeyote anayeomba kibali cha kurusha, na najua hapa kwetu droni inapita usalama na watu wa anga kwanza, awekewe sharti kwamba data nzima, si picha, inaachwa Uganda Museum, na mistari ya mahandaki inaingizwa kwenye ramani ya ofisi ya ardhi ya wilaya kabla hati nyingine haijatoka pale.

Tuanze na Bigo na Ntusi, alafu Munsa kule Kakumiro, nako kuna mahandaki. Nyero waiache, michoro ya mwambani inataka kamera nzuri tu.

Sorveya,
Masaka