Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Afya ya Akili: Mgonjwa asikabidhiwe kwa karatasi peke yake

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu kwako na kwa wote mnaofanya kazi pamoja. Mimi ni msimamizi wa wanasaikolojia walio mafunzoni katika kliniki ya wagonjwa wa nje iliyo chini ya idara yako. Ni watu ambao tayari wana shahada ya uzamivu na wamemaliza utarajali. Wamebakiza mwaka mmoja, au miwili kwa baadhi yao, wa kutibu chini ya usimamizi kabla ya kupewa leseni. Ni wachapakazi, na bila wao nusu ya vyumba vyetu vingekuwa vimefungwa. Ninakuandikia kuhusu siku wanapoondoka.

Mwaka jana, wiki ya kwanza ya mwaka mpya wa mafunzo, niliomba kuketi ndani wakati mwanasaikolojia mgeni akimpokea mama mmoja aliyemrithi kwa mwenzake aliyeondoka. (Mambo madogo nimeyabadilisha ili mama huyo asitambulike.) Mama aliingia, akaketi, mkoba wake akaupakata wala hakuuweka chini. Mgeni alijitambulisha vizuri, akamuuliza kwa upole angependa waanzie wapi. Mama akamtazama kitambo, kisha akasema: "Wewe ni wa nne. Wa kwanza nilimweleza habari za mwanangu. Wa pili nikamweleza tena. Wa tatu nikamweleza nusu. Wewe soma humo." Faili alilionyesha kwa kidevu. Alikaa robo saa, akaaga kwa heshima zote. Hajarudi.

Baadaye nililifungua lile faili. Taarifa ya makabidhiano ilikuwa safi: utambuzi wa ugonjwa, dawa, alama za PHQ-9, dodoso la kupima dalili za sonona, kikao kwa kikao, malengo ya tiba. Habari za mwanawe zilikuwa mstari mmoja. Wala simlaumu aliyeandika, kwa sababu wiki hiyo hiyo alikuwa na taarifa 28 za namna hiyo, anaaga wagonjwa, anahama nyumba, na anasomea mtihani wa leseni. Lakini hapakuwa na neno lolote la kumwambia mgeni kwamba mama huyu husema yaliyo mazito akiwa ameshasimama na ameshika kitasa cha mlango, na kwamba dakika tano za mwisho ndizo za kumwachia nafasi. Hilo nililisikia miezi kadhaa baadaye kwa msimamizi mwenzangu, tukizungumza mambo mengine kabisa.

Mwaka 1979 mwanasaikolojia Edward Bordin aliandika kwamba kazi ya tiba husimama juu ya mambo matatu: makubaliano juu ya lengo, makubaliano juu ya kazi ya kufanywa, na kifungo cha kuaminiana kati ya wawili hao. Mawili ya kwanza tunaweza kuyaandika kwenye fomu. La tatu haliandikiki. Likikatika, linaanza upya tangu sifuri, na gharama yake inamwangukia mgonjwa, yule yule aliyekuja kwetu akiwa hana akiba ya kugharimia.

Kliniki ya nje, Mheshimiwa, si wodi. Mgonjwa wa wodini akizorota usiku kuna muuguzi wa kumwona. Wa kwetu tunamwona dakika 50 kwa wiki, tena akija. Asipokuja hakuna anayegonga mlango wake. Macho tuliyo nayo juu yake ni ya mtu mmoja, mwanasaikolojia wake, na macho hayo ndiyo tunayoyabadilisha kila mwaka, kwa wagonjwa wote, kwa siku moja.

Hata mtaalamu anayemfahamu mgonjwa wake hukosea. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005, wataalamu waliulizwa kuhusu wagonjwa wao 550: ni yupi atamaliza tiba hali yake ikiwa mbaya kuliko alivyoanza? Waliwataja 3. Waliozorota kweli walikuwa 40, na kati ya wale 3 waliotajwa ni mmoja tu aliyekuwemo. Basi yule aliyekutana na mgonjwa jana, mkononi ana karatasi mbili, tunamtaka aone nini?

Jambo linalonikosesha usingizi ni hili. Wagonjwa wenye mawazo ya kujiua tunawaandikia mpango wa usalama, ule wa hatua sita uliobuniwa na Barbara Stanley na Gregory Brown. Mgonjwa anauandika pamoja na mtaalamu wake, anaukunja, anakaa nao. Huanza na dalili za hatari ambazo mwenyewe anazijua, huishia na namna ya kuondoa karibu naye vitu vya kujidhuru. Hatua ya tano ni majina na namba za wataalamu wa kupigiwa. Baada ya makabidhiano ya mwaka jana nilipitia mipango hiyo mmoja mmoja. Mitatu kati yake, hatua ya tano, ilikuwa na jina la mtu aliyekwisha kuondoka na namba ya simu ya meza isiyo na mtu. Tuliwapigia wote watatu siku ile ile. Wote walipokea, namshukuru Mungu. Mmoja aliniambia alishajaribu ile namba mara mbili.

Najua nitaambiwa kwamba haya ni mafunzo, na mafunzo yana mwisho. Ni kweli. Viwango vya APPIC, jumuiya ya vituo vya mafunzo ya saikolojia ya Marekani na Kanada, vinataka mafunzo ya ngazi hii yasipungue saa 1,500, yasiwe chini ya miezi 9 wala kuzidi miezi 24, na kila wiki ziwepo angalau saa mbili za usimamizi wa ana kwa ana. Sisi tunajitahidi kuzilinda saa hizo mbili. Lakini mwezi wa kwanza zinaishia kwenye kusoma mafaili, kwa sababu mgeni anapewa orodha kamili ya wagonjwa tangu siku ya tatu. Na mwezi wa mwisho zinaishia kwenye kusahihisha taarifa za makabidhiano. Kuaga mgonjwa ni sehemu ya tiba, na hufundishwa kama inavyofundishwa kumpokea. Nimewaona vijana wenye mioyo mizuri wakiahirisha habari ya kuondoka wiki baada ya wiki, wakiogopa kumuumiza mgonjwa, mwishowe wanamwambia zikiwa zimebaki siku kumi. Hilo ni kosa langu mimi msimamizi kama lilivyo lao. Mwaka huu tumeanza kumwambia kila mgonjwa tangu kikao cha kwanza: nitakuwa nawe mpaka tarehe fulani.

Yaliyo ndani ya uwezo wetu tunayafanya. Yanayobaki yako mezani kwako.

La kwanza ni fomu ya hesabu za kazi. Leo kikao kikiwa na wanasaikolojia wawili, anayeondoka na anayeingia, idara inahesabu kazi ya mmoja, na wa pili anaonekana alikaa bure. Hiyo ndiyo sababu vikao vya kukabidhiana vimekufa katika kliniki yetu, maana hakuna mkuu wa kitengo anayetaka kuulizwa kwa nini takwimu zake zimeshuka. Ongezeni kipengele kimoja katika fomu, kikao cha makabidhiano, kihesabiwe kwa wote wawili. Hakihitaji fedha mpya.

Kisha kuna kalenda. Si lazima wote waingie na kutoka siku moja. Nusu yao wakianza miezi sita baada ya wenzao, kliniki haitabaki hata siku moja ikiwa na wageni watupu, na anayeingia atamkuta aliyepo wa kumuuliza. Pale inapowezekana, wiki nne za kuwa pamoja kwa anayeondoka na anayeingia. Hizi zina gharama, sikufichi, na kama bajeti haitoshi kwa wote, basi zitolewe kwa wale wanaowatibu wagonjwa walio katika hatari.

Na mgonjwa aliyekwisha kukabidhiwa mara mbili asipewe tena mtu wa mafunzo. Apelekwe kwa mwajiriwa wa kudumu, hata kama itambidi asubiri kidogo huku tukimpigia simu kila wiki.

Wanasaikolojia sita wanatuacha baada ya wiki saba. Orodha ya wagonjwa wao nimeiandaa, na 11 kati yao wameshabadilishiwa mtu mara mbili au zaidi. Naomba jibu lako ndani ya wiki tatu hizi, ili hao 11 wapangiwe miadi ya kukabidhiwa wakiwa bado na mtu wanayemjua ndani ya chumba.

Wako katika kazi,
Msimamizi wa mafunzo, kliniki ya wagonjwa wa nje