Urea bila figo

Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, joto tu ndilo linatunyima usingizi.

Umeniuliza kama ni sawa kuwafundisha wanafunzi wako kwamba mkemia Friedrich Wöhler alizika imani ya "nguvu ya uhai", yaani kwamba vitu vya viumbe haviwezi kutengenezwa bila uhai, kwa jaribio moja la mwaka 1828 lililompa urea, kitu cha kwenye mkojo. Vitabu vinapenda sana kusema hivyo, lakini usiwaambie. Urea hata hakuwa akiitafuta. Alikuwa na miaka 27, anafundisha shule ya ufundi Berlin, na alichokitaka kilikuwa sianati ya amonia, aina ya chumvi. Alichanganya sianati ya fedha na kloridi ya amonia, akapata fuwele nyeupe zenye tabia asizozitarajia. Akizitia alkali, amonia haitoki. Akizitia asidi ya naitriki, vinajitenga vigamba vinavyometameta, sawasawa na vile vya urea ya kwenye mkojo! Ndipo alipomwandikia mwalimu wake Berzelius, kule Stockholm, kwamba anaweza kutengeneza urea bila figo, iwe ya mtu au ya mbwa.

Lakini katika barua hiyohiyo alikiri kwamba sianati yenyewe asili yake ni vitu vya viumbe, kwa hiyo mbishi angeweza kushikilia lake. Na wabishi walikuwepo miaka mingi. Hoja ya kuipinga imani hiyo ilikaza zaidi mkemia Kolbe alipounda asidi ya siki mwaka 1845, hatua kwa hatua, kutoka vitu visivyo na uhai.

Mimi ningewakalisha hapa: sianati ya amonia ina kaboni 1, oksijeni 1, naitrojeni 2 na hidrojeni 4. Urea nayo ni hivyohivyo. Sasa mbona ni vitu viwili? Wöhler na mkemia mwenzake Liebig walishakutana na kitendawili cha namna hiyo kwenye misombo ya fedha, na mwaka 1830 Berzelius akakipa jina, isomeri. Tangu hapo kuhesabu atomu hakukutosha. Ilibidi kuuliza zimepangwaje. Kwangu, huo ndio urithi wa Wöhler.

Ukiwa na nafasi, nunua urea kidogo duka la pembejeo, ile ya kukuzia mahindi yenye naitrojeni asilimia 46. Koroga vijiko kadhaa kwenye glasi ya maji, waambie waishike. Itapoa mkononi. Waache wakueleze kwa nini kabla hujawaambia.

Wasalimie watoto, na nijibu kabla shule hazijafungwa.

Wako,
shoga yako